Uliza Mwalimu: "Nataka Kizungu chenye maneno mengi, nianzie wapi?"

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu ni kama mlikaa kikao mkakubaliana, maana karibu zote zinauliza kuhusu maneno ya Kizungu, yale adimu ambayo huyasikii taksi paki wala pale unaponunua rolex, ile chapati ya mayai, mtu anayakuta kwenye gazeti au kwenye hotuba anabaki anajiuliza hili nalo limetoka wapi. Nimefurahi sana kwa sababu hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Nimechagua barua tano. Nyingine zinafanana na hizi, kwa hiyo ukiona lako halipo soma la mwenzako, jibu lako limo humo humo.

Swali: Mwalimu nakusalimia. Niko S5 hapa Mbale nachukua HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia, na GP, ile General Paper ya insha. Rafiki yangu ana daftari la maneno makubwa makubwa kama mia tatu hivi ameyatoa kwenye intaneti, tunayakariri kila jioni baada ya prepu, lakini nikiingia kwa pepa sikumbuki hata moja, na nikilikumbuka mwalimu analipigia mstari mwekundu anasema halijakaa mahali pake. Je, tatizo ni kichwa changu? – Mwanafunzi, Mbale

Jibu: Mwanangu, kichwa chako kizima kabisa, tatizo ni hilo daftari. Maneno mia tatu yaliyopangwa tu kama namba za simu, hayana sentensi, hayana habari, hakuna mtu aliyeyasema mahali popote, hayo hayamkai mtu yeyote. Kuna Mjerumani aliitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba kusahau kunakuja mbio sana katika masaa ya mwanzo halafu mwendo unapungua, na akaona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashinda kurundika yote siku moja. Sasa nyie kila jioni mnabeba mapya, ya jana mmeyaacha, ya juzi ndiyo kabisa, halafu mnashangaa mtihani ukifika hakuna kitu.

Fanya hivi. Tafuta boksi la viatu uligawe vyumba vitano, kata manila vipande vidogo vidogo, upande mmoja andika sentensi nzima ila lile neno uliache wazi, upande wa nyuma ndiyo uandike neno. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza na hicho unakipitia kila siku. Ukipata, kadi inahamia chumba cha pili ambacho unakipitia baada ya siku mbili tatu, ukipata tena inaenda cha tatu inasubiri wiki, na hivyo hivyo mpaka cha tano. Ukikosa, hata kama ilishafika cha tano, inarudi cha kwanza bila huruma. Mpango huu aliuandika mwandishi wa habari mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972, na programu za simu kama Anki zinafuata wazo hilo hilo, lakini nyie bweni hamruhusiwi simu kwa hiyo boksi linatosha, na mimi nimeona boksi likifanya kazi kwa wanafunzi wengi tu.

Sasa tuje kwa huo mstari mwekundu, maana hapo ndipo penye shida yenyewe. Kwetu tunasema giza totoro, nyeupe pee, kimya jii. Hakuna mtu anasema mvua totoro wala kimya pee, na hakuna aliyekufundisha hilo darasani, umelisikia tu tangu mdogo kwamba totoro mwenzake ni giza basi. Maneno adimu ya Kiingereza nayo yana wenzake. "Abject" anatembea na "poverty", "torrential" na "rain", "staunch" na "supporter", "scathing" na "criticism". Ukiandika "abject rain" mwalimu lazima achukue kalamu nyekundu, hata kama kamusi imekuambia "abject" ni kubaya sana. Kwa hiyo usinakili neno peke yake, nakili na mwenzake.

Halafu kuna maneno yenye masharti. "Exacerbate" ni kuzidisha ubaya, lakini ubaya wenyewe uwe upo tayari. Unaweza kuandika "Deforestation exacerbates the landslides in Bududa", hiyo imekaa sawa na ni habari ya kwenu huko Elgon unaijua vizuri, ila huwezi ku-exacerbate furaha au elimu. "Mitigate" ni kupunguza makali ya kitu, "the government should mitigate the effects of drought". Na wengi wanalichanganya na "militate", ambalo kazi yake ni nyingine kabisa, linakuja na "against" na maana yake ni kuwa kizuizi, "poverty militates against girls' education". Ukishika hayo matatu tu na masharti yake, insha yako ya GP itapanda kuliko ukibeba mia tatu yasiyo na masharti.

Kama lazima uwe na orodha, basi chukua iliyopimwa. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, zile zinazojirudia kwenye maandishi ya masomo yote, na zinachukua karibu asilimia 10 ya maneno kwenye maandishi hayo. Humo utakuta "constitute", "derive", "inherent", "allocate". Siyo ya kutikisa watu lakini ndiyo yanayobeba insha. Na kabla ya hayo hakikisha yale 2,000 ya kawaida yako sawasawa, Michael West aliyakusanya mwaka 1953 na hayo peke yake ni kama asilimia 80 ya karibu kila ukurasa utakaousoma. Profesa mwingine wa huko huko New Zealand, Paul Nation, mwaka 2006 alikadiria kwamba mtu akitaka kusoma riwaya au gazeti bila msaada anahitaji familia za maneno kama 8,000 hadi 9,000. Usiogope hiyo namba. Hayo hayaji kwa daftari, yanakuja kwa kusoma, miaka na miaka.

Na ukisoma, shika habari moja uifuate. Mwezi wa sita bajeti ikisomwa, chukua gazeti la New Vision au Monitor, fuata habari ya bajeti peke yake wiki nzima, utaona "deficit", "levy", "expenditure", "arrears", "supplementary" yanarudi na kurudi, leo yako kwenye habari, kesho kwenye maoni ya mhariri, kesho kutwa kwenye barua ya msomaji, mpaka wiki inaisha umeyajua na hukuyakariri. Mtu anayeruka kutoka michezo kwenda siasa kwenda mapishi anakutana na neno mara moja tu linapotea.

Swali: Mwalimu, mimi ni emsii wa harusi na kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha wachumba kwa familia, hapa Jinja, na watu wanapenda emsii anayepiga Kizungu kizito. Majuzi nilimkaribisha baba wa bibi harusi nikasema "our notorious father", nikaona meza ya mbele wanatazamana. Kosa lilikuwa wapi, na nipe maneno mengine ya kumpamba mzee. – Emsii, Jinja

Jibu: Kaka, "notorious" ni mtu anayejulikana, ni kweli, ila anajulikana kwa ubaya. Yule mwizi wa boda ambaye kila steji wanamjua jina, huyo ndiye "notorious". Kwa mzee ulitaka "renowned" kama sifa zake zimefika mbali, "eminent" kama ni mkubwa katika kazi yake, "esteemed" kama unataka heshima tu bila maelezo, na kama ni mzee wa mvi na hekima ambaye ukoo mzima unamsikiliza, mwite "venerable". Hilo la mwisho usimpe kijana wa miaka thelathini hata kama ana pesa.

Kaa macho na haya pia, maana sura zao ni nzuri ila ndani kuna kitu kingine. "Infamous" ni ndugu wa "notorious", siyo kinyume cha "famous" kwa maana ya kutojulikana. "Officious" siyo mtu wa ofisi, ni mtu wa kujifanya bosi na kuingilia yasiyomhusu. "Fulsome praise" wengi wanaielewa kama sifa zilizopitiliza mpaka zinachosha. Na "enormity" kwa waandishi makini ni ukubwa wa uovu, kwa hiyo ukisema "the enormity of this wedding" kuna watu watasikia umetukana harusi.

Zawadi yako ni hii: "avuncular". Limetoka kwa Kilatini "avunculus", na huyo kwa Warumi alikuwa kaka wa mama, yaani mjomba kamili kama tunavyomjua sisi, siyo baba mdogo. "Uncle" ya Waingereza nayo imetoka hapo hapo ila wao wameichanganya inabeba kila mtu. "He has an avuncular manner" ni mtu mzima mwenye upole na utani wa kijomba, anayekupa pesa ya soda na ushauri pamoja. Kwenye kwanjula ambapo wajomba wapo wamekaa hapo hapo, neno hilo litapokelewa vizuri, na ukilieleza kwa Kiswahili au Luganda papo hapo hata bibi wa kijijini atacheka na wewe.

Lingine ni sauti. Maneno adimu wengi tunayajua kwa macho, masikio hayajawahi kuyasikia, halafu maikrofoni inatuumbua. "Epitome" inasomwa e-PI-to-mi, "hyperbole" ni hai-PA-bo-li, "awry" ni a-RAI. Kamusi za kwenye simu karibu zote zina alama ya spika, ibonyeze kabla hujapanda jukwaani, sema kwa sauti mara kadhaa ukiwa peke yako. Na kwa hotuba moja neno moja adimu linatosha, mawili kama shughuli ni kubwa, kwa sababu watu wamekuja kumsikia bibi harusi.

Swali: Mwalimu naongoza watalii katika hifadhi ya Queen Elizabeth, natokea Kasese. Wanyama nawajua vizuri sana tangu utoto, Kiswahili chao na Kikonjo, lakini mgeni akiniuliza najikuta nasema tu "it is nice, it is big, they are many". Naona aibu kwa sababu ninachokijua ni kingi kuliko ninachoweza kukisema. – Mwongoza watalii, Kasese

Jibu: Hii barua nimeisoma mara mbili, maana umesema jambo ambalo watu wengi wanalo moyoni. Na wewe uko mahali pazuri kuliko wote walioandika mwezi huu, kwa sababu kitu unacho mbele ya macho, kinachokosekana ni jina lake tu.

Anza na saa za wanyama. Anayetembea mchana ni "diurnal", wa usiku "nocturnal", hayo pengine unayajua. Lakini kuna "crepuscular", yule wa alfajiri na magharibi, wakati mwanga haujakamilika, na ndiyo maana mnawatoa wageni kitandani saa kumi na moja kwenda Kasenyi kutafuta simba. Mgeni akilalamika kuhusu usingizi mwambie "lions are often crepuscular", atakaa kimya atoe kamera.

Simba wa Ishasha wanaopanda miti usiwaite "arboreal". Neno hilo ni la mnyama anayeishi juu ya miti, kama mbega. Simba anapanda tu kupumzika, kwa hiyo hapo unahitaji kitenzi: "sprawl", kulala umejitawanya, au "draped over a branch", amening'inia juu ya tawi la mkuyu miguu huku na huku. Mgeni yeyote aliyewahi kuona ile picha atajua umesema kile kile anachokiona. Kiboko pale Kazinga, katika huo mfereji unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, yuko "submerged" macho na pua tu vimebaki juu, nyati kwenye matope "wallows". Tembo akiingia maji mafupi "wades".

Kuna neno moja ambalo wewe hasa lazima uwe nalo, nalo ni "lek". Ni fupi kweli lakini ni adimu. Ni ule uwanja ambapo madume ya kob, yule swala, yanakusanyika, kila dume na kakipande kake ka ardhi anakalinda, majike yanakuja kuchagua. Kob ni mnyama aliye kwenye ngao ya taifa letu pamoja na yule korongo mwenye taji, na kwa wanasayansi wa tabia za wanyama kob wa Uganda ni mfano maarufu wa jambo hili. Neno limetoka kwa Kiswidi ambako linahusu kucheza. Simama hapo, onyesha kwa kidole, sema "this is a lek", kisha eleza kwa Kizungu chako rahisi kabisa. Utaona kwamba neno moja sahihi linaipa heshima sentensi yote rahisi iliyolizunguka.

Kuhusu majina ya makundi, wageni wanayapenda sana: "a pride of lions", "a troop of baboons", "a bloat of hippos". Hayo mawili ya kwanza ni ya kazi kila siku, "bloat" ni la kufurahisha watu. "A tower of giraffes" lijue tu, maana twiga kwenu hawapo, mgeni akiwataka mwelekeze Murchison au Kidepo. Kwa Ziwa Katwe useme "brine" na "saline", usiseme "brackish", kwa sababu "brackish" ni maji ya chumvi nusu nusu na Katwe siyo nusu. Rwenzori ikijificha ni "shrouded in mist". Na mvua ya kwanza ikigonga udongo uliokauka ikatoka ile harufu ambayo kila mtu anaijua ila hana jina lake, jina lipo: "petrichor". Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ndio waliolitunga mwaka 1964 kutoka Kigiriki, jiwe pamoja na ile damu ya miungu katika hadithi zao.

Njia ya kuyashika ni rahisi kwako. Jioni kabla ya kulala kumbuka vitu vitatu ulivyoviona siku hiyo ukakosa jina, tafuta jina, andika sentensi ya kitu hicho hicho ulichokiona, siyo mfano wa kamusi, halafu kesho yake utumie mbele ya wageni. Ukikosea matamshi kuna mgeni atakusahihisha kwa upendo, na hutasahau tena.

Swali: Mwalimu, nauza nguo mpakani Busia na niliishia P.7. Watoto wangu wananiletea homuweki yenye maneno ambayo sijawahi kuyaona. Nimechelewa? Na ninunue kamusi gani? – Mama wa watatu, Busia

Jibu: Mama, hujachelewa hata kidogo, na mtu anayebadilisha shilingi za pande mbili kichwani siku nzima hawezi kushindwa na neno.

Kamusi usinunue ile nene kuliko zote. Ile kubwa ya Oxford iliyotoka mwaka 1989 ina vitabu 20, hiyo ni ya watafiti. Wewe tafuta kamusi ya wanaojifunza, kwa mfano Longman walianza mwaka 1978 kutoa moja ambayo maelezo yote yameandikwa kwa maneno rahisi kama 2,000 tu, kwa hiyo hutafuti neno gumu ukakuta limeelezwa kwa neno gumu zaidi. Hata ya mitumba ni sawa, maneno hayaozi.

Halafu jifunze kuvunja neno. Kiswahili kinatufundisha hilo bila kutuambia: soma, somo, msomi, msomaji, usomi, mzizi ni mmoja. Kiingereza nacho kimejaa vipande vya Kilatini na Kigiriki vinavyofanya hivyo hivyo. Ambulensi unaijua. Ndani yake kuna "ambul", kutembea, kwa sababu mwanzoni ilikuwa hospitali ya kutembea iliyofuata jeshi. Usingizi ni "somn", ndiyo maana "insomnia" ni kukosa usingizi. Sasa weka viwili pamoja: "somnambulist". Mtoto akikuletea hilo utamwambia huyu ni mtu anayetembea usingizini, na hukufungua kamusi. "Bene" ni vizuri na "mal" ni vibaya, kwa hiyo "benevolent" ana nia njema na "malevolent" ana nia mbaya. "Cras" ni kesho, ndipo tulipopata "procrastinate", kusukuma mambo kesho na kesho. "Loqu" ni kusema: "eloquent" anasema vizuri, "loquacious" anasema mno. Chukua kipande kimoja kwa wiki, wewe na watoto mkitafute kwenye vitabu vyao pamoja, atakayekiona kwanza anakatiwa kipande kikubwa cha chapati.

Na waambie watoto kwamba Waingereza nao walikuja kuchukua kwetu, "safari" iko kwenye kamusi zao zote, na ule mchezo wa vipande vya mbao uliotoka mwaka 1983 na sasa unauzwa dunia nzima unaitwa Jenga kwa sababu aliyeutunga alikulia Afrika Mashariki.

Swali: Mwalimu, mimi ni askari polisi, niko Arua. Watu wananieleza kwa Kiswahili na mimi naandika stetimenti kwa Kiingereza. Wakubwa wanasema stetimenti zangu zinafanana zote, "he beat me, he went, he said". Nataka maneno yenye nguvu. Nianze na yapi? – Afande, Arua

Jibu: Afande, kwako nitajibu kwa urefu kwa sababu kwako neno likikosewa kuna mtu analala ndani.

Kwanza tubadilishe ombi. Wewe huhitaji maneno yenye nguvu, unahitaji maneno yanayobana. Angalia "he went". Mtu aliyekunywa "staggered", aliyeumia mguu "limped", aliyekuwa na haraka ya woga "fled", aliyejificha "crept", aliyekuwa anazurura bila sababu ya kueleweka "loitered". Kila moja ni picha tofauti mbele ya hakimu, na kila moja linaweza kuulizwa maswali na wakili. Ukiandika "fled" utaulizwa alikimbia nini. Kama mlalamikaji alikuambia tu aliondoka, andika "left" na uishie hapo.

"He said" vile vile. "Denied" ni alikana, "admitted" ni alikiri, "conceded" ni alikubali baada ya kubishana, "claimed" inaonyesha wewe mwandishi huna uhakika, "muttered" alisema chini chini. "Alleged" ndiyo rafiki yako mkubwa, inasema jambo limedaiwa bado halijathibitishwa. Lakini neno la kawaida "said" usilidharau, halina upande, na stetimenti inapaswa isiwe na upande.

Kwenye majeraha, hapo nakuomba uwe makini sana. Raia anasema "ana kidonda" kwa kila kitu. "Bruise" ni alama ya kipigo ambapo ngozi haijafunguka. "Abrasion" ni mchubuko, ngozi ya juu imekwaruzwa. "Laceration" ni ngozi iliyopasuka kwa kitu butu, rungu, jiwe, ngumi ya kwenye mfupa. "Incised wound" ni iliyokatwa na kitu chenye makali, panga au wembe. Watu wengi wanaandika "laceration" kwa jeraha la panga kwa sababu linasikika kubwa, halafu daktari kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kupimwa majeraha, anaandika kingine, wakili wa utetezi anashika karatasi mbili mkononi anauliza silaha ilikuwa ipi. Wewe huna kazi ya kuwa daktari, andika ulichoona, "a bleeding cut on the left forearm", jina la kitaalamu mwachie yeye, ila ulijue ili umwelewe.

Makosa yenyewe unayajua kuliko mimi ila nitayataja kwa ajili ya wasomaji wengine wanaodhani ni kitu kimoja. "Theft" ni wizi. "Robbery" ni wizi wenye nguvu au vitisho kwa mtu. "Housebreaking" ni kuvunja na kuingia nyumba ya watu kwa nia ya kuiba au kufanya kosa lingine kubwa, na kwa sheria yetu ya makosa ya jinai hiyo hiyo ikifanyika usiku inaitwa "burglary". Hapo saa inabadilisha jina la kosa.

Sasa utaniuliza kwa nini Kiingereza kinakuwa na maneno mengi hivi kwa kitu kimoja. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu sana wakubwa na mahakama walitumia Kifaransa, wasomi na kanisa Kilatini, raia wakabaki na Kiingereza chao cha zamani. Vyote vitatu vikabaki ndani ya lugha moja. Ndiyo maana kuna "ask" ya raia, "question" iliyopita kwa Wafaransa, na "interrogate" ya Kilatini. Na uzito wake unaujua kazini: jirani una-ask, shahidi una-question, mtuhumiwa ana-interrogate-iwa. Ukimwandikia mama aliyeibiwa kuku kwamba ulimu-interrogate, umemgeuza mtuhumiwa. Na bila shaka unajua "indict" inasomwa in-DAIT, ile c inakaa kimya kabisa.

Ukirudi zamu, chukua stetimenti moja ya zamani uliyoandika mwenyewe, tafuta vitenzi vyote, uviulize kimoja kimoja kama kuna kinachobana zaidi ambacho shahidi alikisema kweli. Maana stetimenti ni yake, siyo yako. Kabla hajaweka sahihi au dole gumba unamsomea kwa lugha anayoielewa, na ukifika kwenye neno lako jipya litafsiri polepole umwangalie usoni. Akisema hapana, sikusema hivyo, likate, hata kama ni zuri namna gani.